Daftari Lililotaka Kuuza Gari ya Guka

Nyinyi wa meza ya nyuma mmeniuliza tangu shule ifunguliwe kama ni kweli tulisukumwa mpaka Nakuru. Si kweli. Tulisukumwa mita kumi, Burnt Forest, na hatukuomba. Sasa kwa kuwa kila mtu ana toleo lake la hii safari, na toleo la Chebet lina mpaka punda, nimeandika yote hapa mara moja. Pitisheni chini ya dawati. Mwalimu akishika, mimi sijui kuandika.

Huruma, kabla ya kuwasha

Guka, yaani babu yangu, aliendesha lori la mahindi miaka mingi, Eldoret mpaka Nairobi na kurudi. Alipostaafu akanunua gari ndogo ya umeme iliyotumika kwanza Japani. Watu wa mtaa wetu wa Huruma walicheka mpaka wakazoea. Gari haina mngurumo, na ukiiwasha kuna mwanamke ndani anaongea Kijapani. Guka humjibu kwa Kikuyu. Sijui huwa wanaambiana nini, lakini hawajawahi kukosana.

Kazi ya hiyo gari ni kumpeleka Cucu, nyanya yangu, kliniki ya magoti kule Plateau kila wiki ya pili, siku ya Alhamisi. Kazi yangu, niliyojipa mwenyewe siku za likizo na wikendi, ni kufuatilia betri. Betri ya gari inazeeka kama ya simu: ukiijaza leo na ukiijaza miaka mitano ijayo, zote zitasema mia kwa mia, lakini ile mia ya baadaye ni ndogo. Nilikuwa na kifaa kama kiberiti, kinachomekwa chini ya usukani, kinatuma namba kwa simu yangu. Kifaa chenyewe kina namba ya afya ya betri. Lakini hiyo namba ilikuwa imelala. Mwaka mzima imeshuka kidogo tu, haina sinema. Nikaamua kifaa ni bandia na mimi ni mwerevu, nikabuni hesabu yangu: asilimia moja ya chaji inatupeleka umbali gani. Nikachora jedwali kwenye daftari la hesabu. Nisipokuwepo Alhamisi, Guka aliniandikia chaji na kilomita kwa karatasi ya sukari na mimi nikajaza Jumamosi.

Mwanzoni asilimia moja ilikuwa karibu kilomita moja nzima. Halafu siku moja ikapungua kidogo, nikamtangazia Guka kama daktari wa televisheni, "Guka, betri inazeeka." Akasema "Haiya" tu. Baada ya hapo kila mwezi ilikuwa mbaya kuliko uliopita. Kila mwezi nikatangaza. Kila mwezi akasema haiya.

Makosa yangu makubwa hayakuwa ya hesabu. Nilitaka sifa. Nikapiga picha ule ukurasa na kuutuma kwa grupu la familia.

Anko Maina ni mdogo wa baba yangu, ana duka la mabati Nakuru, na hawezi kuona namba bila kuitisha mkutano. Amekuwa akitafuta sababu ya kumtoa Guka barabarani tangu zamani. Sasa mimi nikampa, na mistari nimepiga kwa rula. Akauzungushia ukurasa wangu wino mwekundu na kuurudisha kwa grupu: betri imekwisha, gari iuzwe kabla ife kabisa, Mzee apumzike.

Kupumzika. Mtu ambaye akikaa nyumbani siku mbili anaanza kupanga upya vijiko vya Cucu.

Guka huwa haandiki kwa grupu. Alirekodi sauti. "Maina. Hiyo gari nitaileta Nakuru mimi mwenyewe. Ikifika kwa miguu yake, inabaki, na mimi nabaki kwa usukani. Ikifika imebebwa, uza."

Anko akajibu sawa haraka sana. Kwa daftari langu, kufika ilikuwa haiwezekani. Hata aliongeza kwamba ameshapata mnunuzi, na huyo mtu ana lori la kubeba magari yaliyokwama.

Kwa hivyo mjue nilikuwa wapi. Shahidi wa upande wa pili alikuwa ni mimi. Na nimeitwa jina la Cucu, Wairimu, ambayo ndiyo sababu Guka ananiheshimu kuliko ninavyostahili. Nilimwambia nitaenda naye. Akasema, "Nani alikuwa anakuuliza? Wewe ndiwe unajua namba."

Huruma mpaka Burnt Forest

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, chaji mia kwa mia. Cucu alitupatia chapati, mayai ya kuchemsha na thermosi ya chai, kisha akainama dirishani.

"Mkikwama msinipigie simu," akasema. "Sina lori."

"Hatukwami," Guka akasema.

"Sijasema mtakwama. Nimesema msinipigie."

Kutoka Eldoret kwenda Burnt Forest unapanda bila kujijua. Ukiwa kwa gari ya mafuta hauoni. Ukiwa na simu inayokuhesabia asilimia, unaona kila kilima kama mtu anakuibia mfukoni. Guka alienda polepole mpaka trekta ikatupita, na dereva wake akatupungia mkono kwa huruma.

"Tisini na moja," nikasema. "Themanini na nane. Guka, themanini na saba."

"Angalia barabara."

"Mimi siendeshi."

"Bado angalia. Hiyo simu haina shimo, haina ng'ombe. Ukiwa kwa gari unaangalia barabara."

Aliniambia hivyo kama mara tisa siku hiyo. Kumbukeni, kwa sababu mimi sikukumbuka.

Tulifika Burnt Forest na sitini na tatu. Guka akasimama kwa Mama Shiro, anayeuza viazi kando ya barabara na ambaye alikuwa akimuuzia viazi tangu siku za lori. Mpango ulikuwa salamu ya dakika mbili. Mama Shiro akauliza tunaenda wapi. Guka akasema kwa kijana wake. Mama Shiro akaangalia ndani ya gari, hakukuwa na kitu isipokuwa mimi.

"Unaenda kwa bibi ya kijana yako mikono mitupu?"

"Tuna haraka, Mama Shiro."

"Haraka ndio inakufanya usiwe na adabu?"

Akaita mtu, na gunia la viazi likaingia nyuma ya gari. Nikajaribu kueleza kwamba uzito unakula betri, kwamba hili gunia pekee linaweza kutukwamisha, kwamba nimepiga hesabu.

"Huyu mtoto anasema nini?" Mama Shiro akauliza.

"Anasema asante," Guka akasema.

Sasa hapo ndipo tulisukumwa. Guka alirudi ndani, akawasha gari, Mjapani akasema maneno yake, halafu kimya. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wameegemea pikipiki walingoja wasikie mlio. Hawakusikia. Wakaangaliana. Bila kuuliza wakaja nyuma, wakashika buti na kuanza kutusukuma juu ya mlima, wakiimbiana "moja, mbili, tatu."

"Guka, waambie gari imewaka."

"Ngoja kwanza," Guka akasema, mikono yake kwa usukani kama mfalme. "Ni mlima."

Walipochoka aliwapungia mkono, akakanyaga, na gari ikaondoka kimya kimya. Kwa kioo niliwaona wamesimama katikati ya vumbi. Mmoja alikuwa ameshika kichwa.

Timboroa, kwa kisiagi

Kama hujawahi kufika Timboroa, chukua asubuhi ya Julai hapa Eldoret, uitie kwa friji. Ndiyo sehemu ya juu kabisa ya hiyo njia, na tulifika saa tatu na asilimia kumi na sita. Gari ilikuwa imeanza kuwasha taa ya njano yenye picha ya kobe. Guka aliuliza huyo mnyama anataka nini. Nikamwambia ni sisi.

Mahali penye umeme wa nguvu palikuwa kisiagi cha mahindi kilicho nyuma ya soko. Mwenyewe ni mtu mwembamba anaitwa Kiprop, mweupe wa unga kuanzia nyusi mpaka viatu. Guka alitoa kofia akamweleza. Kiprop akazunguka gari mara mbili.

"Mzee, hii inakunywa stima kama redio ama kama welding?"

"Katikati," nikasema.

"Leta waya."

Ilichaji dakika sita. Halafu mama mmoja akaleta gorogoro mbili za mahindi, Kiprop akawasha mashine, taa zote zikafifia, na chaja yetu ikasema tak na kuzima. Akamaliza kusaga, nikaanzisha tena. Dakika nne. Akaja mzee na debe. Tak. Nikaanzisha tena. Akaja mtoto na kikombe, nawaambia kikombe, mahindi ya kuku. Tak.

Kwa huo mwendo tungefika Nakuru Krismasi. Nikasimama mlangoni nikainua daftari ili nionekane mtu wa serikali.

"Wazazi wangu, naomba tusage kwa vipindi. Mkusanyike wote, asagiwe kila mtu mara moja, halafu gari ichaji nusu saa, halafu kipindi kingine."

Mama mmoja mwenye kilemba cha kijani aliniangalia kutoka chini kwenda juu.

"Kwa hivyo ugali yetu ingojee gari."

"Dakika thelathini tu, Mama."

"Na ile gari ikishiba, itatupikia?"

Watu wakacheka, na nikajua nimeshindwa. Aliyetuokoa ni Guka. Alikuwa amevua koti na kuanza kupakua magunia kutoka kwa punda. Ndiyo, Chebet, hapo punda alikuwepo, lakini hakutuvuta. Mtu aliyebeba mahindi maisha yake yote unamjua anavyoshika gunia. Alimimina, akashikilia mfuko wa unga, akafunga. Baada ya magunia matatu mama wa kilemba akamuuliza anatoka wapi, na baada ya matano alikuwa akiwaambia wengine, "Basi tungojee kidogo, huyu mzee amechoka." Vipindi vyangu vikapita, na hakuna aliyenipa sifa.

Kiprop alitupa mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, kwa vikombe vya plastiki, baridi na nzito, ya kijivu kidogo. Guka alikunywa viwili. Mimi nilikunywa kimoja na kujifanya nimekunywa cha pili. Tulipokuwa tukingoja, Kiprop aliomba aone daftari. Alipitisha kidole chenye unga kwa safu za namba.

"Hii ni kama watu wangu," akasema. "Mtu analeta mahindi hayajakauka. Yanasagika pole pole, yanashika kwa mawe. Anaenda nyumbani anasema kisiagi ya Kiprop imezeeka. Sasa mimi nafanya nini? Nanunua mawe mapya?"

"Na unafanya nini?"

"Namwambia anionyeshe mahindi."

Nilicheka, nikachukua daftari langu. Nilidhani anapiga tu stori.

Tukaondoka saa nane na asilimia sitini na nne. Mama wa kilemba aliweka mfuko wa unga juu ya viazi, wa bibi ya kijana. Nilifungua mdomo niseme juu ya uzito. Guka akasema, "Anasema asante."

Timboroa mpaka Mau Summit

Ukungu ulishuka. Hita ya gari inakula chaji, kwa hivyo haikuwashwa, na Guka aliendesha akiwa amejifunga leso ya Cucu shingoni, yenye maua ya zambarau. Lori zilitupita zikitupigia honi. Kuna utingo mmoja alitoa kichwa akapiga kelele, "Mama, songa."

"Amekuita nani?" nikauliza.

"Amekuita wewe."

Hiyo sehemu sina mengi ya kusema. Tulikula chapati. Mayai yalikuwa yameganda kama mawe ya Kiprop. Kulikuwa na mishuko midogo na milima midogo, na kila tuliposhuka nilitarajia namba ituhurumie, lakini ilikaa tu. Mau Summit tulifika na thelathini na tisa, na Nakuru bado kilomita karibu sitini. Kwa daftari langu tungekwama kabla ya kuona hata taa ya mji. Anko alikuwa ametuma ujumbe: *Mko wapi? Lori iko tayari.* Nilimsomea Guka.

"Mwambie aioshe," Guka akasema.

Mau Summit kushuka Salgaa

Hapa ndipo mnatakiwa kusoma polepole.

Kutoka pale juu barabara inashuka kwa muda mrefu. Kuna vibao vikubwa vya kuwaambia madereva wa lori watie gia nzito. Sasa gari ya umeme ikishuka mlima, magurudumu yenyewe yanazungusha mota na kurudisha chaji kwa betri. Ni kama baiskeli inayowasha taa yake yenyewe. Nilijua hivyo kwa kusoma. Kwenye simu kuna mshale mdogo: ukitumia umeme unaelekea juu, ukirudisha unaelekea chini na kuwa kijani.

Tulikuwa tunashuka. Nilisikia upepo, nilisikia breki zikilia kidogo kila Guka alipozigusa. Mshale haukuwa juu wala chini. Ulikuwa umelala katikati. Sifuri.

Nikaitikisa simu. Nikatoa kifaa, nikarudisha. Sifuri.

Na kwa mara ya kwanza siku hiyo, labda kwa mara ya kwanza mwaka huo, niliinua macho kutoka kwa simu. Sikuangalia barabara. Niliangalia mkono wa Guka. Ulikuwa umetulia juu ya gia kama paka juu ya mto, na gia ilikuwa katikati.

"Guka. Umetoa gia?"

"Niko na fri."

Fri ni vile madereva wa lori wa zamani wanasema: unafika kwa mteremko, unatoa gia, unaacha gari iteleze yenyewe ili isile dizeli. Wengine walipata ajali mbaya kwa sababu ya hiyo fri, ndiyo maana ya vile vibao.

"Huwa unafanya hivyo?"

"Kwa mlima tu."

"Tangu lini?"

"Si wewe ulisema betri inaisha? Nikaona niisaidie. Kila mteremko naipumzisha kidogo." Alisema kwa unyenyekevu, kama mtu anayekiri kwamba amekuwa akinipa pesa ya siri. "Ukisema imezidi kuisha, naipumzisha zaidi. Saa hii hata mteremko mdogo wa kwa lango la kanisa naupatia."

Nilifungua daftari. Nikatafuta siku ile ya kwanza niliyojifanya daktari. Juu ya huo mstari, namba zilikuwa sawasawa, mwezi kwa mwezi, na ile iliyonitisha ilikuwa siku ya mvua, barabara matope. Chini ya huo mstari ndipo kila kitu kilianza kuanguka. Niliposema betri inaisha, Guka akaanza fri. Fri ikatunyima chaji ya mteremko, umbali ukapungua, nikasema betri inaisha zaidi. Akazidisha fri. Mwaka mzima hatukuwa tunapima betri. Tulikuwa tunatishana.

Kiprop aliniambia mtu huangalia mahindi kabla ya kulaumu mawe, na mimi nikacheka.

"Guka, rudisha gia."

"Kwa mteremko? Itakula chaji."

"Itarudisha chaji. Rudisha."

"Wairimu, mimi nimeshuka hapa kabla baba yako hajazaliwa."

"Ukiwa na dizeli. Hii si dizeli. Guka, umekosea, na mimi nimekosea zaidi, na yule Anko ako na lori kwa geti. Rudisha hiyo gia."

Sijawahi kumwambia Guka amekosea. Alizungusha usukani, tukapita kona nzima. Nilifikiri atasimamisha gari anishushe nitembee na viazi. Kisha mkono wake ukasonga, gari ikajizuia taratibu kama mtu ameshikwa koti kutoka nyuma, na mshale ukageuka kijani.

"Inafanya nini?" akauliza.

"Inakunywa."

"Inakunywa nini?"

"Mlima."

Tulikuwa na thelathini na tano. Tukaendelea kushuka, karibu hakugusa breki kabisa. Thelathini na sita. Guka akasema, "Angalia vizuri." Nikaangalia vizuri. Thelathini na saba. Yeye ambaye siku nzima aliniambia niangalie barabara, sasa alikuwa anachungulia simu yangu, shingo imenyooka, leso ya zambarau ikimpiga kidevu.

"Iko ngapi sasa?"

"Angalia barabara," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. "Miezi yote hiyo," akasema. "Nilikuwa namwaga."

Nakuru, kwa geti ya Anko

Tulifika saa kumi na moja na jua bado liko, asilimia kumi na nane. Tungeweza kwenda kununua mkate na kurudi. Lori la mnunuzi lilikuwa limeegeshwa nje, na Anko Maina alikuwa amesimama getini na tabasamu ambalo liliisha polepole kadiri tulivyokaribia bila kamba, bila mtu wa kutusukuma.

"Mzee, mmefika," akasema.

"Ulikuwa unangoja nani mwingine?"

Anti Nyokabi, bibi ya Anko, alifungua buti akaona viazi na unga, na kutoka hapo yeye alikuwa upande wetu. Lakini Anko si mtu wa kushindwa kwa geti. Alingoja Guka aketi kwenye kiti cha plastiki uani, akatoa simu na kuonyesha ile picha yenye wino mwekundu.

"Nakubali mmefika. Labda mmechaji njiani mara kumi. Lakini daftari ni daftari. Wairimu mwenyewe ameandika. Betri inaanguka kila mwezi, na haitaacha. Ama namba ni uongo?"

Kila mtu akanigeukia, hata yule mtu wa lori.

Sasa fikirieni nyinyi. Nikisema betri ni nzima, ataniuliza kwa nini namba zinaanguka. Nikisema kwa nini, nimemwambia kwamba Mzee amekuwa akiteremka milima na fri, na Cucu ndani ya gari. Hiyo ingemtoa Guka kwa usukani haraka kuliko betri yoyote mbovu. Nilikuwa na jibu la kuokoa gari na jibu la kuokoa dereva, na hayakuwa jibu moja.

"Daftari ni langu," nikasema. "Na halina maana. Nilikosea hesabu."

"Ulikosea wapi?"

Nikanyamaza. Mimi, jamani. Mnanijua.

"Lete hilo daftari," Guka akasema. "Na kalamu."

Nikampa. Alivaa miwani, akafungua ukurasa kwenye goti lake.

"Nionyeshe siku ya kwanza uliniambia betri inazeeka."

Nikamwekea kidole. Akapiga mstari mnene hapo, bila rula, umepinda. Kisha kuanzia chini yake, kando ya kila Alhamisi, akaandika neno moja kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: FRI. FRI. FRI. Ilichukua muda. Chai ilipoa. Alipofika mwisho akamgeuzia Anko.

"Juu ya mstari, hiyo ndiyo betri," akasema. "Chini ya mstari, huyo ni baba yako."

Anko alisoma. Anko ni mtu wa mabati lakini si mjinga, na mtu yeyote angeona. Juu tambarare, chini mteremko, na mstari wa Guka katikati.

"Kwa hivyo tatizo ni dereva," akasema.

"Tatizo lilikuwa dereva. Alishukia Salgaa."

"Mzee, hiyo ni hatari. Fri, na Mama ndani ya gari?"

"Ni hatari. Kwa nini unafikiri nimeandika mimi mwenyewe? Ningetaka kuficha, huyu mtoto alikuwa amenifichia tayari." Akavua miwani. "Umenilea wewe, Maina, ama mimi ndio nimekulea? Mimi nimefundishwa leo na msichana wa kidato cha tatu, katikati ya mlima, na nikasikia. Wewe hiyo nguzo ya geti umeigonga mara ngapi, na bado unarudisha gari kwa kasi ile ile?"

Tuligeuka sote kuangalia nguzo. Ilikuwa na rangi za magari matatu tofauti.

Anti Nyokabi akasema viazi vitakuwa tayari nusu saa. Mtu wa lori akaomba afunguliwe boneti aone kama ni kweli hakuna injini, na Guka akamwonyesha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Anko hakusema sawa. Lakini usiku ule ni yeye aliyepitisha waya wa chaji dirishani mwa jikoni, na asubuhi lori halikuwepo.

Kurudi

Kurudi kulichukua siku mbili, kwa sababu ile milima yote tuliyokunywa ilibidi tuilipe. Tulichaji Salgaa kwa fundi wa kuchomelea ambaye alitaka kuchomelea kitu kwa gari yetu bure, tukalala Mau Summit kwa binamu wa Guka, tukachaji tena kwa Kiprop. Nilimwonyesha ukurasa wenye FRI. Aliusoma wote, akampa Guka mkono, na mimi akanipa ufagio. Mama wa kilemba cha kijani aliuliza bibi ya kijana alisema nini juu ya unga.

Kutoka Timboroa mpaka nyumbani ni kushuka, na Guka hakugusa gia hata mara moja. Mara mbili mkono ulienda wenyewe, kama mtu anayekuna mahali palipopona. Mara mbili aliurudisha. Cucu alitupokea mlangoni na swali moja, kama tumerudisha thermosi. Tulikuwa tumeisahau Nakuru.

Bado nafuatilia betri. Ile namba ya kifaa niliyoidharau ndiyo naandika sasa, na inashuka polepole sana, kama inavyotakiwa. Lakini simtangazii Guka tena. Wikendi iliyopita tulikuwa tunashuka kuelekea mjini, gia iko mahali pake, mshale wa kijani, na nikaona shingo yake inaanza kurefuka kuelekea kwa simu yangu.

"Leo tuko ngapi?" akauliza.

"Guka," nikasema, "angalia barabara."